Karafuu tunayo, njia hatuna

Alhamisi ya tarehe 7 Oktoba 2021 nilikuwa bandari ya Mkoani, Pemba, nasubiri boti, simu zikaanza kulia kila pembe, watu wanarushiana habari kwamba mzaliwa wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, kapewa Nobel ya fasihi, na hata wale ambao hawajawahi kufungua ukurasa wake mmoja walifurahi kama wamepata wao, na walikuwa na haki yao kufurahi. Sasa jana yake tu, Jumatano ya tarehe 6, ilitangazwa Nobel ya kemia, wakapewa Benjamin List wa Ujerumani na David MacMillan, huyu kazaliwa Scotland na anafanya kazi Marekani, na hiyo sikusikia mtu hata mmoja akiitaja, si bandarini, si barazani, si kwenye daladala. Silaumu mtu, mie mwenyewe niliipita tu. Lakini kadiri nilivyokaa nikasoma ndo nikaona kuwa sayansi ya wale wawili, ya vichocheo vya kemia, inatuhusu sisi kuliko tunavodhani, imegusa bei ya karafuu zetu tangu enzi za mababu na imegusa vidonge wanavyomeza mama zetu kila asubuhi, na sisi tuko kimya kana kwamba ni mambo ya watu wengine.

Kilichonifanya nikae niandike ni usiku mmoja wa msimu kule kwetu upande wa Wete. Gunia limemwagwa katikati ya ukumbi, tumelizunguka watu sita saba tunachambua, na aliyekulia Pemba ananielewa, unashika shada kwa mkono mmoja unalipindisha kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinakatika zinaanguka upande wake, makonyo unayatupa upande wake, baada ya saa moja kiganja kimekuwa cheusi kinawasha, na harufu haitoki hata ukikosha kwa sabuni mara tatu. Binti wa dada yangu, yuko kidato cha sita, akasema bila kuinua macho, "Mjomba, mie nikimaliza nataka kusoma kemia." Baba yake akamuuliza, famasi? Akasema, "Hapana baba, kemia yenyewe. Ya kutengeneza vitu." Shemeji akanyamaza kidogo, alafu akauliza lile swali ambalo kila mzazi angeuliza, "Sasa mwanangu ukishamaliza utafanya kazi gani?" Wote wakanitizama mie kwa kuwa ndo nilobahatika kusoma, na sikuwa na jibu la haraka. Hili ndo jibu langu, refu kidogo, mtanisamehe.

Kuna aina ya mkemia ambae huku kwetu hatumjui kabisa. Tunamjua wa hospitali anaepima damu, tunamjua wa serikali anaepima sumu na unga, tunamjua mwalimu. Huyu mwengine kazi yake ni kutafuta njia. Anakaa miaka kumi, ishirini, pengine umri wake wote, akitafuta namna moja tu ya kuishikanisha kaboni na kaboni, akishaipata anaichapisha, wenzake wanaichukua wanatengenezea dawa ya presha, dawa ya kansa, dawa ya kupulizia mimea, vioo vya simu, na jina lake halimo kwenye boksi lolote. Karibu kila dawa ya kidonge unayoijua mifupa yake ni kaboni imeshikana na kaboni, na kaboni hizo ukiziweka pamoja zikae tu hazishikani, unaweza kuzichemsha kutwa mpaka usiku zikaishia kuungua, au zikashikana ovyo pahala ambapo hukutaka. Kwa hivo mwenye njia safi ya kuzishikanisha ana kitu kikubwa sana, kikubwa kuliko hata mwenye kidonge, maana kidonge ni kimoja na njia inazaa vidonge mia.

Hapo ndo kinapoingia kichocheo, katalisti. Neno lenyewe la kizungu lilianza 1835, alilitia Berzelius wa Sweden, na sisi tukalitafsiri kichocheo, na mie kusema kweli neno letu hili sijawahi kulipenda, mtu akilisikia anaona mtu anachochea kuni moto ukolee, na katalisti haikolezi moto, inatafuta pa kupita palipo chini zaidi. Wavuvi wanalijua jambo hili vizuri. Nje ya pwani yetu kuna mwamba, chombo kikitaka kuingia kwa kupita juu ya mwamba kisubiri bamvua na bado kina hatari ya kupasuka, lakini yupo rubani anaejua mlango, anakuingiza pale penye kina, safari ile ile, bandari ile ile, na akishakufikisha anashuka anarudi kuchukua chombo chengine. Rubani mmoja vyombo elfu. Ndo maana kiwanda kinaweza kutumia paladiamu, metali ya bei kali ya kundi la platinamu, kwa sababu unatia chembe tu, na chembe ile inafanya kazi tena na tena na tena.

Nimchukue mtu mmoja, Richard Heck, maana maisha yake yananigusa kuliko ya wenzake wote. Kazaliwa 1931 Springfield, Massachusetts, wakahamia Los Angeles akiwa bado mtoto, nyumba mpya kiwanja kitupu, akaanza kupanda bustani, akaja akapenda maua ya okidi, na kwenye kutafuta mbolea gani inafaa na rangi ya ua inatoka wapi ndo akajikuta ndani ya kemia. Alianzia shambani, kama wanavoanzia watoto wetu. Akachukua PhD 1954, na 1957 akaajiriwa na kampuni ya Hercules kule Delaware, kampuni ikampa uhuru wa kuzichunguza metali hizi za aina ya kobalti na paladiamu, na 1968 akatoa pepa 7 mfululizo kwenye jarida la Jumuiya ya Kemia ya Marekani, zote saba mwandishi ni yeye peke yake. Nilipolisoma hilo nilisimama kidogo. Pepa saba, mtu mmoja, hakuna timu ya wanafunzi ishirini nyuma yake.

Lakini zile za mwanzo zilikuwa na kasoro, zilihitaji viunganishi vya zebaki, na zebaki ni sumu, huwezi kuijengea kiwanda cha dawa juu yake. Akahamia chuo kikuu cha Delaware 1971, na 1972 akaonesha kuwa zebaki unaweza ukaiacha kabisa, unachukua pete ya benzini, kaboni sita zimeshikana duara, yenye iodini pembeni, paladiamu inaingia baina ya pete na iodini, inaichukua ile pete mgongoni, inaipeleka kwa molekuli nyengine yenye dabo bondi, pale pahala kaboni mbili zimeshikana mikono miwili miwili, inawakutanisha, vinashikana, paladiamu inatoka kama ilivoingia na kwenda kutafuta pete nyengine. Japani kulikuwa na mtu anaitwa Tsutomu Mizoroki alieionesha riaksheni hiyo hiyo, yaani mmenyuko huo huo, 1971, mwaka mmoja kabla, ndo maana wengi wanaiita Mizoroki-Heck, na Mizoroki alifariki 1980 hajaona lolote la matunda yake, na kamati ya Nobel haimpi maiti.

Na Heck nae, basi, unadhani alipewa nini? Miaka ikapita, watu wakaiona riaksheni yake ni kitu cha kuvutia tu, fedha za utafiti zikapungua mpaka zikakatika, 1989 akastaafu, ana umri wa miaka 58, umri ambao profesa bado anapamba moto. Baadae akahamia Ufilipino kwa wakwe zake, maana mkewe kwao huko, akawa mzee wa kawaida mtaani. Viwanda vya dawa vikaanza kuitumia njia yake, vitabu vikaandikwa, wanafunzi dunia nzima wakawa wanaisomea mtihani, na mwenye njia hana hata meza ya maabara. Simu ya Stockholm ikaja 2010, miaka 38 baada ya ile pepa ya 1972, akagawana tuzo na Wajapani wawili, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki. Alifariki Manila 2015.

Naleta kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza watu wetu wakisikia utafiti wanadhani ni jambo la nchi zenye fedha, na wao wenyewe wenye fedha ndo waliomkatia Heck fedha, kwa hivo umasikini wa macho hauko Pemba peke yake. Pili ni ule urefu wa wakati. Mradi wetu wa kawaida huku ni miaka mitatu, wa kwanza semina, wa pili vifaa vimekwama bandarini, wa tatu ripoti na fulana. Hakuna riaksheni duniani iliyopatikana kwa ratiba hiyo.

Huyo Suzuki nae ana habari yake. Kazaliwa 1930 Mukawa, Hokkaido, kule kaskazini kwenye theluji, na 1979 yeye na Norio Miyaura wakaonesha namna ya kuunganisha kaboni na kaboni kwa kutumia paladiamu na boroni, na 1981 wakaunganisha hivo pete mbili za benzini, na uzuri wa boroni ni kuwa haina sumu kali, haiogopi maji wala hewa, mtu anaweza kuiweka kwenye chupa kabatini. Sasa nenda nyumba yoyote ya mtu mzima, Ng'ambo au Chake au Makunduchi, juu ya kabati au chini ya mto utakuta karatasi ya vidonge vya losartani, dawa ya presha. Mama yangu anameza kimoja kila asubuhi baada ya chai, anakikata karatasi kwa kucha, anasema bismillahi, anakunywa. Ndani ya kidonge kile molekuli yake ina pete mbili za benzini zimeshikana ubavu kwa ubavu, na wakemia wa kampuni ya Merck walipotafuta njia ya kuitengeneza kwa tani miaka ya 1990, pale kwenye kiungo cha pete na pete walitumia riaksheni ya Suzuki. Mama hamjui Suzuki na Suzuki hamjui mama. Na yeye riaksheni ile hakuikatia hatimiliki, kila mtu aitumie, maana utafiti ulilipiwa na fedha za umma. Sisi tumefundishwa madrasa kuwa mtu akifa amali zake zinakatika isipokuwa mambo matatu, na moja ni elimu yenye kunufaisha watu, na kila nikimuona mama anameza kidonge kile nalikumbuka fundisho hilo.

Kuna jambo jengine lazima niliseme ndo hii Nobel ya 2021 ieleweke, nalo ni habari ya kulia na kushoto. Ukitoka msikitini Ijumaa watu wengi, ndara zimechanganyika, ukatia mguu wa kulia kwenye ndara ya kushoto unajua hapo hapo, rangi moja, saizi moja, tambo lile lile, lakini haikai. Molekuli nyingi ziko hivo hivo, zina ya kulia na ya kushoto, na mwili wetu nao ni mguu. Nenda jikoni, kuna kitu kinaitwa kavoni, ya upande mmoja ndo harufu ya nanaa, ya upande wa pili ndo harufu ya kisibiti, atomi zile zile idadi ile ile, na pua inakuambia hizi ni mbili tofauti. Kwenye viungo ni raha, kwenye dawa inaweza kuwa balaa. Na ukitengeneza kwa njia za kawaida unapata nusu kwa nusu, lundo la ndara zilizochanganyika, kazi ya kuzichagua moja moja ni gharama juu ya gharama.

William Knowles wa kampuni ya Monsanto 1968 alijaribu kutengeneza katalisti ambayo yenyewe ina mkono mmoja ili izae molekuli za mkono mmoja. Akapata ziada ya asilimia 15 tu ya mkono mmoja juu ya mwengine. Kumi na tano! Kwa biashara ni takataka, mkubwa wa kiwanda mwenye haraka angemwambia funga labu rudi kazini, lakini yeye aliona kuwa asilimia 15 maana ake mlango upo, kilichobaki ni kuutafuta vizuri, akabadilisha hiki akabadilisha kile mpaka ikafika 95, na 1974 kampuni ikawa inatengeneza L-dopa, dawa ya wazee wenye maradhi ya kutetemeka ya Parkinson. Ryoji Noyori wa Japani akafanya makubwa zaidi kwa katalisti aliyoitoa 1980, na kwayo kampuni ya Takasago ikaanza miaka hiyo ya 80 kutengeneza mentholi kwa wingi, ile ile ya dawa ya kuchua na ya mswaki, na hatua yenyewe ya siri kwenye mentholi ile ni kuihamisha dabo bondi kutoka pahala pamoja kwenda pahala pa pili kwenye molekuli. Naomba msomaji alishike hili la kuhamisha dabo bondi, nitalirudia. Wote wawili walipewa Nobel 2001 pamoja na Barry Sharpless, na huyu Sharpless mwaka 1970 alipoteza jicho moja labu kwa sababu dakika ile hakuvaa miwani ya kinga, mrija ukamripukia usoni, na hakuacha kemia, akaja kupata Nobel ya pili 2022. Mpwa wangu, ukisoma hapa, miwani.

Sasa karafuu.

Ukichemsha karafuu au makonyo kwa mvuke, kama wanavofanya kile kiwanda cha makonyo Wawi, mafuta yanayotoka sehemu yake kubwa ni kitu kimoja, yujenoli. Ndo ile harufu, ndo ile inayowasha kiganja, ndo ile daktari wa meno anaichanganya na zinki oksaidi anakuzibia jino. Kaboni 10, pete moja ya benzini, na mkia mfupi wenye dabo bondi ncha kabisa. Wazungu karne ya 19 waligundua jambo, kwamba ile dabo bondi ukiihamisha kutoka nchani ukaileta karibu na pete, alafu ukaikata hapo hapo, kinachobaki ni kaboni 8 na jina lake ni vanilini, harufu ya vanila yenyewe, ile ya keki na aiskrimu. Mwanzo kabisa, 1874, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann wa Ujerumani waliitoa vanilini kwenye utomvu wa msonobari, lakini kabla karne haijaisha watu wakahamia kwenye yujenoli kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi, na kwa miongo kadhaa vanilini ya viwandani duniani sehemu kubwa ilitokana na mafuta ya karafuu. Sisi huku tulikuwa tunachuma, tunachambua, tunaanika kwenye majamvi, tunauza. Njia ilikuwa kwao.

Miaka ya 1930 wakemia wa Marekani wakapata njia nyengine, ya kuitoa vanilini kwenye maji machafu ya viwanda vya karatasi, kitu kilichokuwa kikimwagwa mitoni kikiua samaki. Bure kabisa, tena kipo tani kwa tani. Ikafika hadi mwaka 1981 kiwanda kimoja tu cha karatasi kule Ontario, Canada, kilikuwa kinatoa asilimia 60 ya vanilini ya dunia nzima. Alafu ikaja njia ya tatu, ya kutoka kwenye petroli, na hiyo ndo inayotawala mpaka leo. Yujenoli ikatolewa sokoni taratibu, bila kelele, na hakuna mkulima hata mmoja wa Mtambile au Konde alieambiwa kwa nini.

Sisi tunasimulia mpaka leo kimbunga cha 1872 kilivoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, kimeingia kwenye historia yetu, watoto wanafundishwa skuli. Tunasimulia pia Indonesia ilivokuwa mteja mkubwa kwa ajili ya sigara zake mpaka ikapanda mikarafuu ya kwake. Dhoruba ile ya wakemia hatuisimulii, na mie nadhani kwa sababu haikuangusha mti hata mmoja. Miti ilibaki imesimama vile vile na karafuu vile vile, kilichobadilika ni kuwa mtu mmoja mbali huko kapata njia ambayo haituhitaji. Na hili ndo linaloniuma na ndo linalonifanya niseme kuwa suala la mkemia wa njia kwetu ni suala la uchumi kabla hata halijawa la sayansi. Kila siku tunajadili bei ya kilo, magendo, ruzuku ya miche, na ni mambo ya kujadili, lakini bei ya kitu inaamuliwa pia na nani anajua kukigeuza kiwe nini.

Na mlango haujafungwa. Leo watu duniani wamerudi kutaka harufu itokane na mmea, isitokane na petroli, na wanailipa zaidi kwa mbali. Ile kazi ya kuhamisha dabo bondi ya yujenoli, wazee wa karne ya 19 waliifanya kwa magadi makali na moto mkali, uchafu mwingi, siku hizi zipo katalisti za rutheniamu na za metali nyengine zinaihamisha kwa chembe ndogo na bila fujo. Ndo ile ile kazi ya jamii ya Noyori kwenye mentholi. Bado kuna nafasi ya kuifanya kwa metali rahisi zaidi, nikeli, chuma, bado kuna nafasi ya kuikata kwa hewa tu au kwa vimeng'enya, katalisti za viumbe hai, badala ya kemikali kali, bado kuna nafasi ya kuigeuza yujenoli iwe plastiki, gundi, dawa ya kuua kuvu. Watu wanachapisha hayo kila mwezi kutoka India, Brazil, China. Mtu aliezaliwa kwenye harufu yake yuko wapi?

Najua watu wataniambia paladiamu tutaitoa wapi, mashine tutazitoa wapi. Ni hoja ya kweli. Mie nimesoma skuli ambayo kabati la kemikali lilikuwa na kufuli na ufunguo hatukuwahi kuuona, tulifanya mtihani wa vitendo kwa kuandika kwenye karatasi kile ambacho tungekiona kama tungefanya, rangi ingebadilika kutoka pinki mpaka kutokuwa na rangi, nimeiandika hiyo nikapata alama nzuri na pinki yenyewe nimeiona kwa macho nikiwa chuo, na siku ile nilikaa na chupa ile mkononi dakika nzima natamani kulia. Ile mashine kubwa ya sumaku inayomuonesha mkemia kaboni gani iko wapi inataka heliamu ya majimaji kuipoza, kila siku ya Mungu, na umeme wetu tunaujua.

Ndo maana nikaanza na List. Huyu bwana alipokuwa profesa kijana California, mwishoni mwa miaka ya 1990, alijiuliza swali ambalo lilikuwa kama halina adabu, je, lazima metali? Kimeng'enya mwilini ni kikubwa, lakini pale kazi inapofanyika ni amino asidi chache tu, vile vipande vinavyojenga protini, sasa je, amino asidi moja peke yake, imetolewa nje, inaweza kufanya kazi? Akachukua prolini, kitu kilichomo kwenye nyama, kwenye maziwa, kwenye jelatini, rahisi kabisa, akaitia kwenye asitoni, hii hii ya kufutia rangi ya kucha, pamoja na molekuli nyengine, na ikafanya kazi, tena ikachagua mkono mmoja. Pepa ikatoka 2000. Na kumbe wenzake wengine miaka ya 1970 mwanzoni walishaona prolini ikifanya kazi ya aina hiyo kwenye viwanda vya dawa za homoni, wakachapisha, na kwa robo karne hakuna alieinama kuuliza kwa nini. Ilikuwa imeanikwa jamvini mchana kweupe. MacMillan mwaka ule ule akapata ya kwake kwa njia yake na ndo alieipa sayansi hii jina. List nae, sunami ile ya Disemba 2004 ya bahari yetu hii hii ya Hindi ilimkuta Thailand yuko likizo na familia, wakanusurika wote, na nafikiri mtu aliepita hapo hana tena woga wa kuuliza maswali.

Kwa hivo msimamo wangu ni huu. Pemba haina haja ya kuanza na jumba la ghorofa nne lenye jina la mfadhili. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi yake Mchanga Mdogo, kiwanda cha makonyo kiko Wawi, ni kisiwa kimoja. Atafutwe kijana mmoja, wawili, wasomeshwe mpaka PhD pahala panapojua kazi ya katalisti, warudi wapewe meza, mashine ya gesi ya kupimia mafuta ambayo haitaki heliamu ya majimaji, vyupa, pampu, kinga ya macho, na makubaliano na chuo cha nje cha kupelekewa sampuli zinazotaka mashine kubwa, wapewe molekuli moja, yujenoli, na miaka 15. Sio mitatu. Na atakapoleta asilimia 15 mwaka wa kwanza aulizwe umejifunza nini, asiulizwe faida iko wapi. Sehemu ndogo ya kinachopatikana kwenye karafuu yenyewe kila msimu mzuri ingetosha kumlisha huyo mtu, na mie ningependa kuona kwenye Baraza la Wawakilishi mtu mmoja anaisimamia hoja hii kwa nguvu zile zile tunazosimamia nazo barabara.

Shemeji, umeniuliza mbele ya watoto binti yako atafanya kazi gani. Atafanya kazi ya kuitafutia yujenoli njia, na yatakuwepo maduka ya kuuza kinachotoka, ingawa huenda yakafunguliwa yeye keshakuwa na mvi. Nilimwambia hivo hivo siku ya pili asubuhi, tuko uani tunayageuza makonyo juani, akawa anasikiliza huku anachora kwa kidole kwenye vumbi, pete, mkia, mistari miwili nchani. Alafu akaifuta ile mistari miwili akaichora tena karibu na pete, akatizama.

"Mjomba, ikihama hivi tu, bila kukata kitu, harufu inabadilika?"

Nikamwambia inabadilika, inakuwa laini zaidi, inaelekea kwenye harufu ya ua. Akaokota kikonyo kimoja akakivunja akakinusa, akafumba macho, kama anaejaribu kuisikia ile nyengine ndani yake.